Kilimia na Kalenda ya Mkulima

Mtaje Kilimia darasani, na aghalabu utajibiwa: ni ushirikina wa wanajimu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kishada hiki cha nyota, Thurayya kwa Kiarabu, ndicho manzili ya tatu kati ya 28 za mwezi, na wanajimu walikihesabu kuwa chenye heri. Heri hiyo, binafsi, siiamini. Lakini wahenga wetu walikipa jina kutokana na kulima, wakanena: kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Na ndivyo! Hutoweka magharibi mapema mwezi wa Mei, masika yangalipo, kikachomoza tena alfajiri mwezi wa Juni. Mwalimu mwenzangu, waamshe wanafunzi wa bweni wakakitazame mashariki.