Kuhifadhi ushahidi wa skrini kwa kompyuta ya zamani

Tangazo lililokuwapo kwenye tovuti asubuhi laweza kuwa limeondolewa ifikapo jioni. Mkataba wa kazi ulioonyeshwa kwa dakika chache kwenye skrini waweza kubadilishwa kabla ya kutiwa saini. Kwa anayeishi ugenini, ambako maombi ya kibali cha ukaazi, malipo ya nauli na fedha za kutuma nyumbani hupitia kwenye kompyuta, uwezo wa kuhifadhi kile alichokiona kwa macho yake ni kinga muhimu.

Kinga hiyo haihitaji mashine mpya.

Kitufe cha tangu 1981

Kitufe kilichoandikwa Print Screen, au kwa ufupi PrtSc, kilikuwamo katika kibodi ya kompyuta binafsi ambayo kampuni ya IBM iliitoa mwaka 1981. Wakati huo, kilipobonyezwa pamoja na kitufe cha Shift, maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalipelekwa moja kwa moja kwenye printa. Hapo ndipo kilipopatia jina lake.

Katika Windows kazi yake ilibadilika. Katika matoleo ya zamani, kitufe hicho hunakili picha ya skrini nzima na kuiweka katika hifadhi ya muda ndani ya kompyuta, pasipo kutoa ishara yoyote. Ndiyo maana wengi hukibonyeza, wakaona kimya, wakadhani kimeharibika.

Je, picha hiyo hupatikanaje? Kwanza, bonyeza PrtSc. Katika baadhi ya kompyuta za mkononi hulazimu kushikilia pia kitufe cha Fn. Pili, fungua programu ya Paint. Tatu, bonyeza Ctrl pamoja na herufi V, na picha itatokea. Nne, ihifadhi kwa kuipa jina. Iwapo unahitaji dirisha moja tu badala ya skrini nzima, shikilia Alt unapobonyeza PrtSc.

Hifadhi hiyo ya muda hubeba kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukinakili kitu kingine kabla ya kuibandika picha, au umeme ukikatika, picha hiyo imepotea.

Matoleo mengi ya Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, yana pia programu ya Snipping Tool, inayomwezesha mtu kukata sehemu anayoitaka tu. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na PrtSc huhifadhi picha yenyewe katika folda ya picha.

Ukubwa na ubora

Paint ya Windows XP huweza kuihifadhi picha katika muundo wa BMP, ambao haubani chochote. Skrini yenye upana wa nukta 1024 na kimo cha nukta 768 hutoa faili inayozidi megabaiti 2, mzigo mkubwa kwa mwenye intaneti dhaifu. Chagua PNG, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza nukta hata moja. JPEG hufaa zaidi kwa picha za kamera, kwani hufifisha kingo za herufi.

Ili picha iaminike

Picha ya skrini huwa na nguvu inapoeleza ilikotoka. Kwa hiyo, katika jambo lenye mgogoro, ni bora kunasa skrini nzima, ili anwani ya tovuti ionekane juu na saa ionekane chini. Hakikisha kwanza kwamba saa hiyo ni sahihi. Kompyuta nyingi kuukuu zina betri ndogo ya ndani iliyokwisha nguvu, na kila zinapowashwa hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Mkataba wa mwaka huu ukionyesha tarehe ya mwaka 2002, mpinzani wako amepata hoja ya bure.

Ikumbukwe pia kwamba picha yoyote yaweza kuhaririwa, na kwa sababu hiyo peke yake haitoshi. Jitumie nakala kwa barua pepe siku ileile, kwani ujumbe huo utakuwa na tarehe isiyotegemea saa ya kompyuta yako. Kwa kurasa zilizo wazi kwa umma, huduma ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na shirika la Internet Archive la San Francisco, hupokea maombi ya kuhifadhi nakala. Wanahabari huitumia pale taarifa rasmi zinapofutwa kimyakimya.

Tahadhari

Kabla ya kumpelekea mtu mwingine picha hiyo, funika namba za pasipoti na za akaunti kwa rangi nzito. Kuzififisha tu hakutoshi, kwa kuwa wakati mwingine zaweza kutambulika.

Katika kompyuta ya maktaba au ya duka la intaneti, picha hubaki katika hifadhi ya muda hata baada ya kufunga Paint. Nakili neno lolote lisilo na maana ili kuiondoa, kisha futa faili uliyoihifadhi na kumwaga pipa la taka la kompyuta hiyo.

Mwisho, Microsoft ilisitisha kuilinda Windows XP dhidi ya kasoro za usalama mwezi Aprili 2014, na Windows 7 mwezi Januari 2020. Mashine hizo bado zaweza kunasa na kutunza picha, lakini si mahali salama pa kuandikia neno la siri la benki. Picha zilizomo ndani yake zinakiliwe pia kwenye kifaa kingine, kwani diski ya zamani huweza kufa bila ya kutoa onyo.