Kwa Nini Maji Mengi Huua Jedi

Mwaka 1813, wanachama wa Linnean Society ya London walipata habari kutoka kwa Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India. Heyne alikuwa ametafuna majani manene ya mmea mmoja wa bustanini kwa nyakati tofauti za siku. Asubuhi na mapema yalikuwa machachu mno, adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yalikuwa na uchungu kidogo. Maelezo kamili ya mabadiliko hayo yalikuja karne ya 20, na ndiyo yanayomfaa leo kila mwenye jedi barazani.

Jedi, yaani Crassula ovata, ni wa familia moja na mmea wa Heyne. Asili yake ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, hadi Msumbiji. Huko huota kwenye miteremko ya mawe na vichaka vikavu, na huweza kupita kimo cha mtu.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuingiza kaboni dayoksaidi. Tatizo ni kwamba vitundu hivyohivyo hupitisha maji nje, na jua likiwa kali hasara huwa kubwa. Jedi huvifungua usiku, hewa ikiwa imepoa. Kwa kuwa usiku hakuna mwanga wa kutengenezea sukari, gesi iliyoingia hugeuzwa kuwa asidi ya maliki, ileile inayoyapa matofaa uchachu, na kuwekwa ndani ya seli. Kukicha vitundu hufungwa, asidi huvunjwa, na gesi iliyotoka humo hutumika katika usanisinuru. Ni kama mwenye duka anayepokea shehena usiku na kuiuza mchana. Mkonge na nanasi hutumia mbinu hiyohiyo.

Faida yake inapimika. Mimea ya kawaida hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu moja ya kaboni dayoksaidi inayoingiza; mimea ya kundi la jedi hupoteza gramu 50 hadi 100 tu. Basi anayeimwagilia jedi kila siku sawa na mchicha anaipa maji isiyo na pa kuyapeleka. Udongo hubaki umelowa, mizizi hukosa hewa, na vimelea vya kuozesha hupata makao.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Mizizi iliyooza haifyonzi maji, kwa hiyo majani hulegea. Mwenye mmea hudhani ni kiu, naye huongeza maji. Dalili zenyewe hutofautiana: jani lenye kiu huwa jembamba na lenye mikunjo, lakini bado limeshika, lililozidiwa na maji hulainika, huwa la manjano, na huanguka likiguswa tu. Ukibonyeza shina karibu na udongo likabonyea, kuoza kumeshaanza.

Usifuate kalenda. Chomeka kijiti hadi karibu na kitako cha chungu. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yapite tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Nairobi wakati wa baridi ya Julai, au Dar es Salaam wakati wa masika, udongo hukawia kukauka, na mmea nao usubiri. Chungu cha udongo wa kuchoma hukausha haraka kuliko cha plastiki. Changanya udongo na mchanga wa mto wenye chembe kubwa au kokoto ndogo, nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni una chumvi.

Mwanga nao si pambo. Bila huo asidi ya usiku haigeuki sukari ya kutosha, na shina hurefuka likitafuta dirisha, majani yakiachana. Jedi hutaka angalau saa nne za jua kila siku. Iliyozoea kivuli itolewe nje kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua. Kingo zikiwa nyekundu usiogope: hiyo ni rangi ambayo jani hujitengenezea kujikinga na jua kali.

Husemwa kwamba jedi chumbani hutoa oksijeni usiku. Sivyo. Oksijeni hutokana na maji kuvunjwa kwa nguvu ya mwanga, kwa hiyo mmea huitengeneza mchana.

Ukiona utando mweupe wa pamba kwenye maungio ya majani, hao ni vidung'ata. Wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti. Dawa za mafuta ziepuke, kwani huondoa nta inayolinda jani. Paka na mbwa wawekwe mbali, maana majani haya huwatapisha.

Jedi iliyooza chini bado huweza kuokolewa juu. Kata tawi kwa kisu safi, ukipanda juu mpaka ndani ya shina pasionekane doa la kahawia. Liache kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, kwa sababu kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu ni njia ya kuoza upya. Kisha lipande kwenye mchanganyiko mkavu. Usimwagilie hadi lishike ukilivuta taratibu: majani yana akiba ya maji ya kulifikisha hapo.