Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mlango wa Wageni

Mtandao wa X uliacha kufunguka kwa kawaida nchini Tanzania tarehe 20 Mei 2025, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa na kurusha habari za uongo, ikiwamo ya kifo cha Rais. Baadaye Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kuwa tatizo ni picha za ngono, ambazo X inaziruhusu na sheria za nchi zinazikataza. Udukuzi na ngono ni mambo mawili tofauti, ila yanaishia penye ugumu uleule: mwenye X yuko Marekani, na hakuna meneja wa kuitwa wizarani kesho asubuhi. Hoja ya kufungia programu za wageni huanzia hapo, na si hoja ya kupuuzwa.

Ruaha Mbuyuni, katika Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hiyo, kwa sababu hapo mtandao si uwanja wa mabishano. Ni ghala. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Zambia hupita hapo kabla ya kuanza kuupanda Mlima Kitonga, kwenye bonde la mibuyu lililoupa mji jina. Maji ya umwagiliaji yanafanya vitunguu vistawi katika ardhi ambayo bila maji hayo ingebaki ya mibuyu tu. Abiria wa basi huvijua kwa sado na ndoo zinazoinuliwa hadi madirishani. Biashara kubwa abiria haioni: ile ya magunia yanayosubiri lori, na ya dalali ambaye ameshayauza kabla lori halijafika.

Dalali ndiye anayejua kazi hii, na kazi yake inaeleweka zaidi kwa kufuata picha moja. Mkulima ameng'oa, ameanika, amekata majani. Dalali anafika shambani na simu janja, anapiga picha gunia likiwa limefunguliwa mdomo ili rangi ionekane, kisha anairusha WhatsApp kwa tajiri aliye mjini. Neno tajiri hapa halina uhusiano na akaunti ya benki. Ni mnunuzi, hata kama fedha yenyewe kakopa. Picha peke yake haitoshi. Kitunguu kinaweza kung'aa kwa nje huku shingo yake bado mbichi, na cha namna hiyo huozea njiani na kuambukiza wenzake. Hivyo inafuata video fupi: kidole gumba kinabonyeza shingo, kisu kinapasua kitunguu katikati, pete zinaonekana. Bei hutajwa kwa ujumbe wa sauti. Mwenye mikono yenye udongo haandiki, na sauti inabeba vitu ambavyo tarakimu haibebi, kama vile kiasi ambacho msemaji yuko tayari kushuka.

Kuna kitu kimoja ambacho picha hiyo inakificha au inakifichua, kutegemea aliyeishika simu alisimama wapi. Kitu hicho ni lumbesa: gunia lililojazwa, likashonewa nyongeza juu ya mdomo wake, likauzwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa kifungashio, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Anayeumia ni mkulima, maana kichwa kile cha juu hakihesabiwi. Gunia likipigwa picha kutoka mbele na chini kidogo, kichwa kinaonekana wazi. Likipigwa kutoka juu, linakuwa gunia la kawaida. Picha za kwanza zinampendeza tajiri, za pili zingempendeza mkaguzi. Zote mbili zimehifadhiwa, na tarehe na saa yake, ndani ya programu ya kampuni ya Meta ya California. Pengine hakuna ofisi ya umma nchini yenye kumbukumbu ndefu ya lumbesa kuliko simu za madalali, na kumbukumbu hiyo haina mwenye kuisoma.

Kwa dalali, basi, swali la nani anamiliki programu linakuja kwa namna nyingine. Hahesabu wamiliki, anahesabu siku ambazo picha haikufika. Siku hizo zimekuwepo, na sababu zake ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya mwenye mali mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kwa kosa la kiufundi ndani ya kampuni. Hakuna serikali iliyoamuru, wala mtumiaji wa Iringa hakuwa na pa kulalamikia. Wanaotaka taifa lijitegemee kimtandao wana haki ya kuikumbusha siku hiyo kila mara.

Ya pili ni ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadorora vibaya. Hapo hata programu iliyobuniwa Kijitonyama, Dar es Salaam, isingesaidia kama kompyuta zake ziko ng'ambo.

Ya tatu ni ya amri. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na kurejea mwanzoni mwa Novemba, huku Dar es Salaam, soko kubwa la vitunguu vya bonde hili, ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile zilikuwa na misiba ambayo hasara ya magunia haiwezi kuwekwa nayo kwenye mizani moja, na makala hii haijaribu. Lakini kitunguu hakina msimamo wa kisiasa. Kikishang'olewa kinahesabu siku zake.

Kwenye kioo cha simu, sababu zote tatu zina sura moja: alama ya saa mahali pa tiki, na kijiduara kinachozunguka. Dalali hana njia ya kujua kama aliyekosea ni mhandisi wa Marekani, waya wa baharini au mamlaka iliyo nchini mwake. Anachojua ni kwamba namba zilizoandikwa kwenye daftari zinapigika, kwa kuwa simu ya kawaida haihitaji intaneti, na fedha ya M-Pesa inaweza kutumwa kwa *150*00# hata kwenye kitochi. Sauti na fedha zina njia ya pembeni. Picha haina. Bila picha, tajiri anarudi kununua kwa uaminifu au kwa nauli, na mkulima asiye na jina mjini ndiye wa kwanza kuachwa.

Kufungia programu moja ni kazi ndogo kuliko kuzima mtandao wote. Simu inapotaka kufungua X, ombi lake hupitia kwa kampuni ya simu. Kampuni ikielekezwa, hulikataa ombi hilo. Njia ya kukwepa ni VPN, programu inayoficha safari hiyo ndani ya safari nyingine, hivyo kampuni ya simu inaona bahasha bila kuona anwani iliyomo. Watanzania wengi walijifunza neno hilo kwenye uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ilipobanwa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitaka wanaotumia VPN wazitolee taarifa kabla ya tarehe 30 Oktoba, ikikumbusha kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Lililo gumu zaidi kulikubali ni hili. Anayezuiwa kuingia kwa mgeni anayejulikana huenda kwa mgeni asiyejulikana. X ina jina, ina mwenyewe ambaye dunia nzima inamfahamu, ina kanuni zilizoandikwa. VPN ya bure iliyopakuliwa usiku kwa maelekezo ya rafiki mara nyingi haina hata kimoja kati ya hivyo, na safari zote za mtumiaji mtandaoni sasa zinapita kwanza mikononi mwake. Mfano wake uko wazi katika Onavo, programu iliyotangazwa kuwa kinga ya mtumiaji. Facebook iliinunua mwaka 2013 na kuitumia kuchungulia programu gani nyingine watu wanatumia, hadi ikafungwa mwaka 2019. Kama shabaha ya marufuku ni kulinda taarifa za wananchi, mwelekeo huu unakwenda kinyume chake.

Na mgeni mwenyewe ni nani? Mnyororo wa dalali ukinyooshwa, unakuwa mrefu. Simu nyingi za bei nafuu, Tecno, Infinix na itel, ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Mfumo wake ni Android wa Google. Laini ya Vodacom inafika Afrika Kusini na kuendelea hadi Uingereza. Halotel ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Airtel ni ya Wahindi, Serikali ikiwa na asilimia 49. Yas, iliyoitwa Tigo hadi Novemba 2024, iko chini ya Axian, kundi lenye asili ya Madagascar. Programu ni kiungo kimoja tu, kile chenye rangi na kelele. Kuing'oa kwa sababu ya uraia wa mwenyewe ni kumfukuza mpangaji kwa ugeni katika nyumba ambayo hata mlinzi wake ni mgeni.

India ilifanya jaribio kubwa zaidi. Juni 2020, baada ya mapigano ya mpakani na China, ilifungia programu 59 za Kichina, TikTok ikiwamo. Pengo hilo lilijazwa kwa kiasi kikubwa na Instagram na YouTube: Mchina akatoka, Mmarekani akaingia. Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti zilizohusishwa na wizara ya serikali kuelekea uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Marekani yenyewe ilitunga sheria mwaka 2024 ya kuilazimisha TikTok iuzwe au ifungwe, na Mahakama ya Juu ikaibariki Januari 2025. Katika visa hivyo, Marekani ndiyo iliyoutaja umiliki waziwazi kama kosa.

Tanzania haijawahi kuutaja hivyo, na mfano wa karibu unaonyesha kwamba umiliki si kiini. JamiiForums ni ya Watanzania. Mwanzilishi wake mmoja, Maxence Melo, aliwahi hata kushtakiwa kwa kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa kwenye kikoa cha Tanzania. Tarehe 6 Septemba 2025, TCRA iliisimamishia leseni kwa siku 90 kwa maudhui yaliyomhusu Rais. Mwenyeji, basi, naye hufungiwa. Tofauti ni kwamba mwenyeji anaweza kuandikiwa barua.

Njia ya kumwandikia mgeni barua ipo, ingawa ni ndefu. Nchini Kenya, Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta mwaka 2022. Kampuni ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake; mahakama ikakataa, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Chombo hicho kinaweza kumdai mwenye programu aeleze taarifa za Watanzania zinakaa wapi na zinatumikaje, bila kugusa picha ya gunia hata moja.

Kwa dalali wa Ruaha Mbuyuni hayo yako mbali. Ameshachukua hatua zake ndogo: namba za matajiri wakubwa zimehamia kwenye daftari, laini ni mbili za kampuni tofauti, na bei ya mwisho inathibitishwa kwa kupiga. Lisilo na dawa ni picha. Gunia likiozea shambani kwa siku tano za kimya, haijulikani hasara iandikwe kwa nani: kwa mkulima aliyekwisha kung'oa, kwa tajiri aliyeahidi kwa sauti tu, au kwa aliyeamuru. Meta haina cha kujibu hapo. Safari hii haikuwa yeye. Lori linalofuata litapakia magunia ya wiki hii, yaliyopigwa picha jana kutoka mbele na chini kidogo, vichwa vya lumbesa vikionekana wazi.