DUKA LA DAWA LA CHAMA SI GHALA LA PEMBEJEO

Chama cha msingi kinapofikiria kufungua duka la dawa muhimu, swali la kwanza mkutanoni huwa ni ziada itakayopatikana. Swali hilo ni halali, kwani fedha ni za wanachama. Lakini dawa ina tabia moja ambayo jembe na mahindi havina. Mahindi yaliyooza hunuka, na jembe bovu huvunjika mkononi mwa mwenyewe. Bali kidonge kilichopoteza nguvu kwa joto huweza kubaki na rangi yake ileile, na mgonjwa akakimeza kwa imani. Kwa hiyo usalama wa duka hilo hauwezi kuachiwa macho ya mnunuzi. Uko katika vitabu na mwenendo wa wenye duka, yaani wanachama na Bodi yao.

Maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili yachukue nafasi ya maduka ya dawa baridi. Yale ya zamani hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti, lakini mengi yaliziuza kwa kificho. Mpango mpya uliruhusu baadhi ya dawa hizo, amoksisilini ikiwa mojawapo, kwa sharti kwamba jengo likaguliwe, duka lisajiliwe na mtoa dawa awe amepata mafunzo. Siku hizi maduka husimamiwa na Baraza la Famasia, na ubora wa dawa zenyewe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Tuanze na jengo. Masanduku mengi ya dawa huandikwa kwamba yasiwekwe mahali panapozidi nyuzijoto 30 za Sentigredi. Chumba chenye paa la bati kisicho na dari hupita kiwango hicho kwa urahisi mchana wa kiangazi. Dari basi ni ya lazima, na kipimajoto kitundikwe ukutani, kisomwe asubuhi na alasiri, na kila kipimo kiandikwe daftarini. Katibu akikuta daftari lina tarakimu 25 kila siku kwa mwezi mzima, ajue kwamba kipimajoto hakikusomwa. Viuatilifu visiwekwe kamwe katika chumba cha dawa za binadamu, na mtumishi aliyetoka kupima salfa ya mikorosho asiingie kuhesabu vidonge.

La pili ni ankara. Dawa inunuliwe kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, na ankara ionyeshe jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wake. Wengine huona namba ya toleo ni usumbufu wa karani. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, ambazo ndani yake ilikutwa sumu ya viwandani iitwayo dayethilini glaikoli. Vifo vya watoto wapatao 70 vilihusishwa na dawa hizo. Onyo kama hilo hutaja matoleo kwa namba. Duka lililoandika namba hizo hujua saa hiyohiyo kama linayo chupa inayotafutwa. Lisiloandika hubaki kukisia.

Dawa zilizopitwa na muda zitolewe rafuni, zifungiwe katika sanduku lenye maandishi, ziorodheshwe na kukabidhiwa kwa utaratibu wa Mfamasia wa Wilaya. Zisitupwe shimoni ambako watoto huokota.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni nusu dozi. Mtu mzima aliyepimwa na kukutwa na malaria hupewa dawa ya mseto vidonge 24, vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Huja mwanachama mwenye fedha ya vidonge 12 tu. Mtoa dawa akimuuzia, mauzo yameongezeka. Lakini homa itatulia kisha irudi, na vimelea vilivyosalia hupata nafasi ya kuzoea dawa. Bodi inayompima mtoa dawa kwa mauzo ya mwezi peke yake humsukuma kufanya kosa hili, kisha humlaumu.

Hapa ushirika una njia ambayo mfanyabiashara binafsi hana. Mwanachama huyo analeta mazao chamani. Mkutano mkuu waweza kuidhinisha kwamba apewe dozi kamili, na salio likatwe katika malipo ya mazao yake. Fomu ya makato itiwe sahihi na mwanachama mwenyewe, na kiasi kiingizwe katika leja yake siku hiyohiyo. Jina la dawa lisiandikwe humo, kwa kuwa leja husomwa na wengi.