Kanada: Familia zenye kusafiri na magari ya kulala zakumbuka moto wa Jasper

Kila kiangazi, familia nyingi zinaingia katika mbuga ya Jasper, magharibi mwa inchi ya Kanada, ndani ya magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo. Wazazi wanaendesha, watoto wanachungulia dirishani kutafuta dubu na milima ya barafu.

Lakini Jumatatu tarehe 22 Julai 2024, karibu saa nne za usiku, safari zilikatika. Moto wa pori ulikuwa unakaribia, na watu wapatao elfu 25, wakaaji na wageni, waliamriwa kuondoka. Barabara ya mashariki ilikuwa imefungwa. Magari yakaelekea jimbo la British Columbia. Siku mbili baadaye, moto uliingia mjini na kuteketeza majengo 358.

Wageni wamerudi tangu hapo. Ila kutoka Jasper hadi Lake Louise ni kilometa 230 hivi, rezo ya simu ni ya shida, na njiani kuna kituo kimoja tu cha mafuta. Kwa hiyo mzazi mwenye kuendesha anapaswa kujaza tangi mapema na kuulizia habari za moto kabla watoto hawajalala. Amri ya kuondoka ikitoka usiku, hakuna tena muda wa kutafuta mafuta.