ALAMA YA X NDANI YA SELI

Wengi wetu tukishajua protini hutengenezwaje ndani ya seli, tunafunga daftari. Zinavyobomolewa hatuulizi. Kumbe seli isiyojua kubomoa haiishi!

Protini huchakaa. Nyingine hujikunja vibaya tangu mwanzo, na nyingine ni nzima kabisa ila kazi yake imekwisha. Je, seli yajuaje ipi ivunjwe na ipi iachwe? Hapo ndipo penye utamu.

Wenzangu wa mjini mnaijua ile X nyekundu inayopakwa kwenye nyumba iliyojengwa mahali pa barabara. Ikishapakwa, tingatinga haliko mbali. Seli nayo ina X yake: protini ndogo ya asidi amino 76 tu, iitwayo ubikwitini. Vimeng'enya vya aina tatu hupokezana kazi. Cha kwanza huiamsha kwa kutumia nishati, cha pili huibeba, na cha tatu ndicho kinachomtambua mhusika na kumbandika. Kwa kawaida alama moja haitoshi. Hubandikwa mnyororo mzima. Kisha protini husukumwa ndani ya proteasomu, kitu mfano wa pipa lenye meno kwa ndani, ikatoka vipande vifupi vifupi. Ubikwitini zenyewe hazisagwi, hung'olewa mlangoni zikatumiwe tena. (Ubahili ulioje!) Waliofumbua fumbo hili, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2004.

Sasa, mpaka X akihongwa itakuwaje? Waulizeni virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, ambavyo huleta saratani ya mlango wa kizazi. Seli zetu zina mlinzi aitwaye p53. Jeni za seli zikiharibika, yeye huizuia seli hiyo isigawanyike, ama huiamuru ife. Basi virusi hivi huunda protini yao, E6, inayokikamata kimeng'enya cha kubandika na kukielekeza kwa p53. Mlinzi anapakwa X bila kosa, anasagwa, na seli mbovu inaendelea kugawanyika bila wa kuiuliza.

Chanjo haimfufui p53. Kazi yake ni kuvizuia virusi visiziambukize seli. Ndiyo maana hapa Kenya, ilipoanza kutolewa mwaka wa 2019, walilengwa wasichana wa miaka 10. Mdogo wangu alipochanjwa alinung'unikia mkono wake siku nzima. Nilimweleza habari za mlinzi na X. Akaniuliza kwa nini p53 hapigi kelele.