Shibolethi ya darasani

Fungua Waamuzi 12. Baada ya vita, watu wa Gileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka walimpa mtihani wa neno moja: tamka "Shibolethi". Mwefraimu hakuweza kuitoa sauti ile. Alisema "Sibolethi", akauawa papo hapo. Walikufa 42,000. Mtihani ule haukupima uovu wa mtu wala akili yake. Ulipima alikolelewa.

Mwaka 1971, wazazi wa watoto sita Weusi wa San Francisco, Marekani, walikwenda mahakamani. Shuleni watoto wao walipewa kipimo cha akili, wakapata chini ya alama 75, wakahamishiwa madarasa ya "wenye upungufu wa akili". Katika shule za mji ule Weusi hawakufika asilimia 30 ya wanafunzi, lakini katika madarasa hayo walikuwa asilimia 66. Humo masomo yalikuwa machache, na kutoka kulikuwa kugumu.

Na kipimo chenyewe? Viwango vyake viliwekwa kwa kuwapima watoto Wazungu peke yao. Swali moja: mtoto mdogo kuliko wewe akianza kupigana nawe, utafanya nini? Alama zote ni za anayekataa kumpiga. Nami jibu hilo nalipenda, ni la Kikristo. Lakini hayo ni malezi, si akili! Jingine liliuliza nani aliandika Romeo and Juliet.

Wanasaikolojia Weusi waliwapima upya watoto wale sita. Waliwazoea kwanza, wakauliza kwa maneno ya nyumbani kwao, wakakubali jibu lenye busara hata kama halikulingana na kitabu cha majibu. Wote walipita 75.

Hata Samweli, nabii mzima, alimtazama Eliabu akadhani kazi imekwisha. Daudi hakuwa ameitwa hata kwenye usaili, alikuwa machungani. Basi yule mtoto unayemwita kichwa maji, nani alimpima, na kwa lugha gani?

Amri ya muda ilitoka 1972. Hukumu kamili ya Jaji Robert Peckham, iliyokataza California kutumia vipimo hivyo kuwapeleka watoto Weusi katika madarasa yale, ilikuja 1979. Aliyekuwa na miaka 8 kesi ilipofunguliwa, sasa alikuwa na 16.